Chumba cha Mbele na Mti wa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba

Mama Mkwe ameondoka leo asubuhi. Dada wa mke wangu amejifungua, kwa hiyo yeye amekwenda kumshika mjukuu hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Mti wake ameniachia mimi. Si Shemeji, mwanawe wa kumzaa. Mimi!

Si mti wa hivi hivi. Unaitwa rudraksha. Ni wa kijani mwaka mzima, na kokwa za matunda yake ni takatifu. Wenye imani yake huzitunga tasbihi na kuzipitisha chini ya kidole gumba wanaposali. Jirani yetu wa ghorofani, Bibi wa Juu, ndiye aliyempa Mama Mkwe mbegu miaka saba iliyopita. Tasbihi ya Bibi mwenyewe ina pengo. Kokwa moja ilimponyoka ikaishia mtaroni, na Mama Mkwe akamwahidi kwamba tunda la kwanza la mti huu ndilo litakaloziba pengo. Ya dukani Bibi haitaki. Anasema ya dukani haimjui.

Basi mwaka huu mti umezaa. Matunda saba tu, lakini umezaa. Na Jumapili ya tarehe 14 Bibi anahama, anakwenda kuishi kwa mwanawe, mbali, kwa safari isiyo na kurudi. Mama Mkwe anataka aondoke na tasbihi kamili. Aliniambia hivyo akiwa amenishika mkono, na macho yake hayakuwa ya mzaha.

Sasa faida yangu. Chumba cha mbele ki wazi. Kina dirisha la mtaani. Mimi ni fundi saa, nimefukuzwa chini ya ngazi nilikokuwa nikifanyia kazi, na sasa natengenezea saa kwenye meza ya jikoni. Juzi mke wangu alikuta gurudumu la meno ndani ya chai yake. Shemeji naye anakitaka chumba hicho hicho ili atengenezee simu. Simu! Vitu vilivyoua saa. Mama Mkwe amesema ataamua akirudi, baada ya kuona nani ana akili ya kutunza kitu.

Maagizo: nimwagie maji shinani kila asubuhi, yasituame. Majani makavu yaliyotandazwa chini nisiyaondoe. Nisichume chochote. Kitakachoanguka chenyewe nikiokote nikiweke kikapuni. Alisema na mambo fulani ya rangi, lakini hapo nilikuwa nalipima dirisha kwa macho.

Jumanne, 2 Septemba

Balaa. Nimeamka, nimetoka na kopo la maji, nimeinua macho. Majani mekundu. Mekundu kabisa, kama yamepigwa kofi, katikati ya mengine ya kijani. Mti wa kijani mwaka mzima! Siku moja tu mikononi mwangu.

Nimechunguza. Jana jioni Shemeji alipita karibu na mti akipiga mluzi. Mtu mwenye moyo safi hapigi mluzi. Nadhani amemwaga maji ya betri.

Nimemweleza mke wangu. Akaendelea kushona. (Yeye ni fundi cherehani, anashonea varandani, mvua ikija anaingia ndani na vitambaa kichwani.) Akaniambia nimuulize kaka yake kabla ya kumhukumu. Nimemuuliza, kwa ujanja, kwa kuzunguka. Shemeji akatoa simu yake, akaipapasa, akasema simu inasema majani mazee ya mti huu hugeuka mekundu kabla ya kuanguka na kwamba ni jambo la kawaida. Simu inasema! Nikamjibu kwamba saa haisemi kitu ila ukweli. Hakuelewa. Akacheka.

Alhamisi, 4 Septemba

Mekundu yameongezeka. Mama Mkwe akiyaona, chumba kimekwenda. Lakini mimi si mtu wa kukunja mikono. Nyuma ya choo kulikuwa na kopo la rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Nikachukua brashi yangu ndogo ya kusafishia saa, nikapanda ngazi.

Kazi safi. Jani moja moja, juu na chini, bila kugusa matunda. Mkono wa fundi saa hautetemeki. Nilikuwa nimefika tawi la tatu niliposikia sauti kutoka barazani ghorofani. Ni Bibi wa Juu, na tasbihi yake mkononi. Akaniita mjukuu wake, akaniuliza nafanya nini. Nikasema natibu. Akasema ameishi miaka mingi lakini hajapata kuona mti ukipelekwa saluni.

Nikacheka kwa heshima. Ndani ya moyo nilijua hajui mambo ya kisasa.

Ijumaa, 5 Septemba

Yale majani niliyoyapaka yameanguka. Moja limeangukia shati jeupe la Shemeji kwenye kamba, upande wa rangi ukiwa chini. Shemeji ameliinua shati, amelitazama jani, amelitazama geti, kisha akanitazama mimi. Nilijitia hamnazo. Nilikuwa nikimwagilia maji kwa bidii sana, mahali ambapo hapana mti.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili: matunda yamegeuka ya bluu. Bluu! Yote saba. Bluu ya wino, inayong'aa. Nani amepata kuona tunda la bluu hivyo? Nikamwita Shemeji nikamwonyesha, nikimtazama usoni nione kama atabadilika. Hakubadilika. Akasema simu yake ilimwambia tangu zamani kwamba tunda la rudraksha ni la bluu.

Hapo nikamkamata. Kwanza anapaka, halafu anasema simu imesema. Mimi najua jinsi ilivyo rahisi kupaka mti rangi. Kati ya watu wote wa nyumba hii, ndimi nijuaye. Amelipizia shati lake, na ameniharibia matunda ya Bibi ili niaibike mbele ya mama yake.

Nimechukua hatua. Nimeyachuma yote saba (najua nilichoambiwa, lakini dharura ni dharura) na kuyatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni nyuma ya bafu ili rangi itoke. Nimesugua kwa brashi. Haitoki. Jamaa katumia rangi nzuri. Nimeyaacha yaloweke.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekutana na Bibi wa Juu ngazini. Nikambebea kikapu, maana Mama Mkwe humsikiliza sana mtu wa ghorofani. Akaniuliza kama matunda yameanza kuanguka. Nikasema bado. Akaniuliza kama yameshapata ile bluu yake. Akasema yakishakuwa ya bluu ndiyo yameiva, na hakuna rangi nzuri duniani kama hiyo. Alipokuwa mtoto alidhani vipande vya mbingu vimeanguka uani kwao.

Kumbe hakuna aliyeyapaka! Nilimwambia bado ni ya kijani, tena kijani kibichi.

Akakaa kwenye ngazi apumzike, akanionyesha tasbihi. Kila kokwa ina mifereji mitano, wao huiita nyuso. Nyuso tano ndizo za kawaida. Akasema baba yake aliwahi kuwa na kokwa yenye nyuso nyingi zaidi, na watu walitoka mbali kuja kuitazama tu. Kisha kidole chake kikafika kwenye pengo, pale palipo na fundo tupu la uzi. Akakitua pale. Akasema kila akisali hujikwaa hapo. Hakusema kwa kulalamika. Mimi ndiye niliyejisikia vibaya.

Nikakimbia nyuma ya bafu. Ndoo haipo!

Jumanne, 9 Septemba

Ndoo bado haijulikani ilipo. Siwezi kuuliza, kwa sababu nikiuliza nitaulizwa ndani yake kulikuwa na nini.

Nimemfuatilia Shemeji. Alipotoka nilitoka. Alipoingia dukani nilisimama nje nikisoma tangazo la mafuta ya nywele, mimi mwenye upara. Alinunua kioo cha simu akarudi nyumbani. Njiani alipunguza mwendo hadi nikamfikia, akaniuliza kama nataka tutembee pamoja, maana peke yangu naonekana mpweke. Mjanja sana huyu.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nikasema mafua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeota Mama Mkwe anaingia na ndoo kichwani. Sikulala tena.

Asubuhi nikafikiria kutafuta kokwa za mti mwingine wowote. Nimezunguka wauza matunda wote wa sokoni nikitafuta kitu chenye mikunjo. Nikanunua zambarau, nikazila zote. Kokwa zake laini kama yai. Nimepata maumivu ya tumbo tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeokoka!

Baada ya chakula cha mchana mke wangu ameweka kisahani mbele yangu. Juu yake kokwa sita, kavu, safi, kahawia, zenye mikunjo mizuri ajabu na kitundu cha asili katikati. Akasema ndoo aliiona siku ile ile. Akamwaga sabuni, akaitia maji safi, akaihifadhi chini ya cherehani yake na kubadilisha maji kila siku hadi nyama ikalainika, kisha akazisugua kwa brashi ya nguo. Ndivyo mama yake alivyomwagiza zisafishwe. Kumbe kuloweka kwenyewe ndiyo njia! Kwa hiyo tukitazama kwa haki, kazi niliianza mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nimekonda hivi. Akasema alitaka aone nitakaa siku ngapi bila kumshuku tena kaka yake kwa sauti. Akasema pia nisiziguse, nimpe mama yake kesho kama zilivyo. Akarudi varandani.

Nimekaa nikazitazama. Nyuso tano. Tano. Tano. Tano. Tano. Tano. Zote za kawaida.

Nikawaza. Katika saa, kito ni kile kijiwe chekundu kinachobeba mhimili. Saa ya vito vitano ni ya kawaida, saa ya vito kumi na saba watu huivulia kofia. Bibi alisema mwenyewe: nyuso nyingi, watu wanatoka mbali. Na mimi nina tupa nyembamba kuliko unywele, nina lenzi ya jicho, na mkono usiotetemeka. Kwa nini Bibi aondoke na cha kawaida wakati nyumba ina fundi?

Ya kwanza nimeongeza mfereji mmoja. Umetoka umepinda kidogo. Nikauwekea wa pili upande wa pili ili kusawazisha. Haikusawazika. Nikachukua kokwa nyingine nikiwa na uzoefu sasa, na hiyo ilikwenda vizuri hadi tupa ilipoteleza. Ya tatu ilikuwa ya kurekebisha makosa ya mbili za kwanza. Mambo haya yana mvuto wake. Jua lilipozama sita zote zilikuwa tayari, na ya mwisho ina nyuso nyingi hivi kwamba inafanana na kifuniko cha soda. Nimezipanga kwenye kisanduku cha saa chenye mahameli. Zinavutia sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Mkwe amerudi. Mtoto mzima, mama yake mzima, salamu kwa wote. Kabla hajavua viatu alikwenda kwenye mti. Akaushika. Akatazama juu muda mrefu. Akanyoosha mkono akachuma jani moja ambalo lilikuwa la kijani cha geti nusu na jekundu nusu, kwa sababu pale ndipo Bibi aliponikatiza. Akaligeuzageuza. Akalitia mfukoni.

Nikangoja aseme neno. Akaniuliza kama kuna chai.

Nikamwambia kokwa ziko tayari, nimeziandaa mwenyewe, kesho ataona. Akafurahi wazi wazi. Akasema hakuniona bwege bure... hapana, alisema hakunitegemea bure. Naandika kwa furaha, mkono unateleza.

Shemeji amekaa kimya jioni nzima. Ameshajua ameshindwa.

Jumapili, 14 Septemba

Nitaandika yote, hata yasiyopendeza.

Tulipanda ghorofani sote. Chumba cha Bibi kilikuwa kitupu, masanduku mlangoni, kiti kimoja tu kimebaki na yeye amekikalia. Tasbihi ilikuwa mapajani, imefunguliwa pale kwenye pengo, uzi unasubiri. Mama Mkwe akaniita. Nikasogea, nikafungua kisanduku changu cha mahameli, nikatoa ile bora kuliko zote, nikamwekea kiganjani.

Bibi akaipitisha chini ya kidole gumba. Kidole kikasimama. Akarudia. Akasema ni nzuri, imefanyiwa kazi sana, lakini inakwaruza. Akaniuliza, kwa upole kabisa, nani aliyeona kwamba haikutosha.

Nikaeleza habari za vito. Nikaeleza hesabu ya kumi na saba. Akaomba nyingine. Nikampa. Akaipapasa, akaomba nyingine. Alipofika ya sita alizirudisha zote kisandukuni moja moja, akafunga kifuniko polepole, akanipa. Akamwambia Mama Mkwe kwamba hakuna neno, safari ni safari, pengo atakwenda nalo. Na akaanza kukusanya uzi. Mikono ya Mama Mkwe ilikuwa imeshika mgongo wa kiti kwa nguvu.

Niliona aibu. Sisemi ya kuandikwa tu, niliona aibu hadi masikio yakachemka. Miaka saba mwanamke yule ameutazama ule mti kutoka barazani. Na mimi nimekaa na lenzi nikikata.

Ndipo mke wangu akafungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Akatoa kokwa. Moja, kavu, nyuso tano, haijaguswa na mtu. Ya saba! Nilikuwa nimesahau kwamba nilichuma saba. Akamkabidhi Bibi bila kunitazama.

Bibi aliipapasa, na uso wake wote ukatulia. Lakini uzi ulikuwa mzee, ncha imechanuka, hauingii kitunduni. Shemeji akajaribu akashindwa. Mke wangu akajaribu kwa sindano. Mwishowe Mama Mkwe akanitazama akasema basi huyo mwenye vibano afanye kazi yake. Nikapiga magoti, nikavaa lenzi, nikaukamata uzi kwa kibano, nikaupitisha mara ya kwanza. Nikafunga fundo dogo. Bibi akaanza kupitisha kokwa, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Alipofika pale hakusimama. Akapita tu. Mama Mkwe akageukia ukutani akajifuta macho.

Gari lilikuja. Bibi alinishika kichwa, akaniita mjukuu wake, akasema nisiuache mti bila maji. Tulisimama mtaani hadi gari likapotea.

Jumanne, 16 Septemba

Uamuzi umetoka. Mama Mkwe alituita mezani. Akaweka lile jani la rangi mbili mbele yangu na kunieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemlisha mtoto, kwamba mekundu ni mazee, bluu ni kuiva, na aliyasema yote hayo siku ile nilipokuwa nimetoa macho dirishani. Shemeji alijikohoza. Akaambiwa naye asicheke, maana aliyajua yote na akakaa akinitazama kama sinema.

Chumba cha mbele kimekwenda kwa mke wangu. Atashonea humo. Mti amepewa Shemeji aumwagilie. Mimi nimeruhusiwa kuweka meza ndogo kwenye kona ya chumba, nyuma ya mlango, kwa sharti moja: nisiusogelee mti karibu zaidi ya urefu wa ngazi.

Nimemuuliza mke wangu ile ya saba aliificha kwa nini. Je, hakuniamini? Akasema si suala la kuamini. Alinikubali akinijua, ameishi nami akinijua, na alipoweka kisahani mezani alijua kabisa nitakachokifanya. Ananijua, basi. Nimeichukua kama sifa. Si wanawake wengi wanaowajua waume zao hivyo.

Na tukitazama kwa haki, nimo chumbani. Nilitaka chumba, nimo. Tatizo ni kona tu: giza, na mlango ukifunguliwa unanigonga kiwiko. Dirisha lote limechukuliwa na cherehani yake. Lakini kesho anakwenda sokoni kununua vifungo. Akitoka tu nitaisogeza meza yangu upande wa mwanga, kidogo, upana wa kiganja. Keshokutwa kiganja kingine. Hatagundua. Hanijui kiasi hicho.